Tabora: Mshauri binafsi wa vyuo vya nje anataka milioni 2.5 yote kabla ya kuanza kazi. Nimpe?

MzaziIpuli
Wakuu habari za humu. Kijana wangu yuko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), shule ya bweni hapa Tabora mjini. Anataka uhandisi nje, hasa Marekani. Sisi ni wakulima wa tumbaku, bila ufadhili hatuwezi. Tumepata mshauri binafsi wa udahili, anataka 2,500,000 taslimu kabla ya kuanza. Anasema atafungua akaunti zote yeye, ataandika insha, barua za walimu atazishughulikia, na nafasi ni ya uhakika. Mkataba wake ni ukurasa mmoja.

Naomba wanaoifahamu kazi hii wanieleze: mshauri halali anafanya nini hasa, analipwaje, na kipi nisimwachie kabisa? Na vyuo vya ndani tuviwekeje, nisije nikakosa huku na huku.

Mshauri_Isevya
Ndugu MzaziIpuli, usilipe hiyo hela kwa masharti hayo.

Anza na hiyo "nafasi ya uhakika". Anayetoa nafasi ni ofisi ya udahili ya chuo, hakuna mwingine. IECA, chama cha washauri binafsi cha Marekani, kinawakataza wanachama wake kuahidi nafasi, na kinawakataza pia kupokea fedha kutoka chuoni kwa kupeleka mwanafunzi. Hilo la pili ndilo wazazi wengi hawalijui. Kuna mshauri anayelipwa na familia, na kuna wakala anayelipwa kamisheni na chuo kwa kila kichwa. Wakala si haramu, ila orodha yake ya vyuo itaelemea kule kunakomlipa. Muulize waziwazi: "Kuna chuo chochote kinachokulipa?" Jibu liingie kwenye mkataba. Akichukua kwako na kwa chuo bila kusema, achana naye. Na kama anapeleka wanafunzi nje kama wakala, anatakiwa awe ametambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Omba barua yake, kisha hakiki TCU wenyewe.

Kazi halali ya mshauri ni hii: kuangalia matokeo ya kijana na uwezo wenu wa fedha, kupendekeza vyuo 8 hadi 12 vya viwango tofauti (Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa pamoja, inaruhusu hadi 20, ila 20 ni kuchoka bure), kupanga tarehe, kusoma insha na kuuliza maswali mpaka kijana aiboreshe mwenyewe, kuwaelekeza kwenye fomu za ufadhili, na kumzoesha usaili. Kuandika insha hakumo. Insha ya Common App ni maneno 650 yasizidi, na mwombaji anathibitisha kwamba kazi ni yake. Chuo kikigundua vinginevyo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Insha zilizoandikwa na mtu mmoja kwa wateja thelathini zinafanana, na wasomaji wa vyuo wanaziona.

Malipo yaende kwa hatua. Mfano unaofaa: asilimia 20 mkisaini na mkapokea orodha ya vyuo yenye sababu, 30 rasimu za insha na nyaraka zikikamilika, 30 maombi yakitumwa na mkaona uthibitisho kwenye imeili ya kijana, 20 fomu za ufadhili zikikamilika. Lipa kwa benki au simu, jina la mpokeaji lifanane na la kwenye mkataba, dai risiti. Mkataba useme idadi ya vyuo, idadi ya mapitio ya insha, tarehe, na fedha inarudije akiacha kazi katikati.

Ada za maombi ziandikwe peke yake. Vyuo vingi vya Marekani vinatoza kati ya dola 50 na 90, lakini vingi pia vinasamehe ada hiyo kwa asiye na uwezo akiomba, na vingine havitozi kabisa. Msilipishwe kitu kilichosamehewa.

Mwisho, kabla hujampa mtu hata shilingi, ongea na EducationUSA, wako chini ya ubalozi wa Marekani Dar na ushauri wao ni bure. Waulize na hali ya viza kwa Watanzania wakati huo, maana masharti yamekuwa yakibadilika.

Mwl_Taaluma
Naongeza upande wa shule, kwa sababu hapa ndipo maombi mengi ya watoto wetu yanapokufa.

Mshauri binafsi hawezi kuchukua nafasi ya shule. Kwenye Common App kuna ripoti ya shule, rekodi ya alama, na barua za walimu, na vyote vinatoka kwa mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na walimu wa masomo. Mwanafunzi anaingiza imeili ya mwalimu, mfumo unamtumia mwalimu kiungo, mwalimu anapakia mwenyewe. Mshauri akisema "barua nitazishughulikia", mara nyingi maana yake anafungua imeili kwa jina la mwalimu na kujiandikia. Huo ni udanganyifu, na atakayelipa ni mtoto. Mwalimu wa Fizikia au Hisabati apewe taarifa angalau wiki sita kabla, pamoja na karatasi ya mambo aliyofanya kijana: mradi, uongozi, mashindano. Barua ya "ni mtiifu na ana bidii" haimsaidii. Barua inayoeleza jinsi alivyotafuta kosa kwenye jaribio la umeme mpaka akalipata inamsaidia.

Suala la simu. Mtoto wa bweni hana simu, ndiyo maana washauri wanafungua akaunti kwa imeili na namba zao. Baada ya hapo nywila, ujumbe wa chuo, hata kiungo cha ufadhili, vyote viko kwa mtu mwingine, na mkikosana hamna kitu. Fungueni imeili ya kijana wakati wa likizo, namba ya kuthibitisha iwe ya mzazi, nywila iandikwe na ikae nyumbani. Mshauri akitaka kufuatilia, Common App inaruhusu kumwalika aone tu bila kuhariri. Siku za shule, omba ruhusa ya maabara ya kompyuta mara moja kwa wiki.

Kagua majina leo hii. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, matokeo ya NECTA na pasipoti visomeke sawa herufi kwa herufi. Jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, au Shabani huku na Shaban kule, utahangaika mwezi mzima. Pasipoti ni 150,000, ofisi ya uhamiaji ya mkoa inapokea maombi.

Na kalenda: Common App inafunguka Agosti 1, maombi ya mapema mengi ni Novemba 1, ya kawaida ni mwanzoni mwa Januari. Mitihani ya kidato cha sita ni Mei, matokeo Julai. Kwa hiyo akiomba sasa anatumia alama za makadirio kutoka shuleni. Akisubiri matokeo, anaomba Agosti na kuanza mwaka unaofuata. Kwa kijana ambaye alama zake za ndani ziko chini kuliko uwezo wake, kusubiri ni bora. Kumbuka tu JKT baada ya Mei, mawasiliano yanakuwa magumu. Nyaraka zikamilike kabla.

MzaziIpuli
Shikamoo mwalimu, na asanteni sana. Kuna fomu ya kipato ya kuombea ufadhili mshauri ameitaja, CSS. Sisi hatuna hati ya mshahara, tunauza kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika. Tunajazaje?

DadaWaUjiji
Kaka, CSS Profile inajazwa hivyohivyo na mkulima. Chukua stakabadhi za mauzo za AMCOS za msimu uliopita, toa makato ya pembejeo, kinachobaki ndicho kipato, kwa shilingi. Ongeza kuku, mahindi, kibanda, kila kitu. Omba barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayotaja shughuli yenu na idadi ya wategemezi, ikatafsiriwe Kiingereza. Usikubali mshauri apunguze wala apandishe namba. Kosa la kawaida ni kuandika pato ghafi la tumbaku kama faida, familia inaonekana ina hela mara tatu ya ukweli.

Ofa ikija, usishangilie asilimia. Chuo chenye gharama nzima ya dola 60,000 kwa mwaka kikikupa 25,000, bado unadaiwa 35,000, mara miaka minne ni 140,000. Wengi huletewa barua ya namna hiyo wakaambiwa "umepata skolashipu". Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havimkatai mgeni kwa kukosa fedha, na akipita vinaziba pengo lote, ila ushindani ni mkali sana. MIT haitumii Common App, ina mfumo wake, na inataka mtihani wa SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani.

Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo anaufanyia nyumbani kwa kompyuta, takriban saa moja, peke yake chumbani, kamera ikiwaka. Umeme ukikatika katikati anaanza upya, hivyo laptopu iwe na betri nzima na bando la simu liwe tayari.

Fundi_Udahili
Vyuo vya ndani: hulipi mshauri. Mwongozo wa TCU uko bure mtandaoni, na mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye chuo husika. Sifa ya msingi kwa kidato cha sita ni principal pass mbili (alama A hadi E) zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo yanayohitajika, A ni 5 na E ni 1, lakini uhandisi unataka zaidi ya hapo, soma kozi kwa kozi. Namba ya simu kwenye maombi iwe ya kijana au yako. Akichaguliwa chuo zaidi ya kimoja anathibitisha kwa msimbo unaokuja kwenye namba hiyo, na dirisha likifungwa msimbo ukiwa kwa dalali, nafasi imepotea.

Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo) una ada ya maombi ya 30,000 na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, hiyo ifanyike mapema kabla ya msongamano. Akipata chuo cha nje, ataomba TCU barua ya kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, na baadaye atapeleka shahada yake TCU itambuliwe. Kwa hiyo hakiki kwanza kama chuo anachotajiwa kinatambuliwa na mamlaka ya elimu ya nchi kilipo. Mshauri asiyeweza kukuonyesha hilo, usimpe hata hiyo asilimia 20.