MREJESHO: TV ya ofa za sikukuu, nimeshanunua

Wakuu, nilikuja kuuliza nichukue ipi kwenye ofa za sikukuu, OLED ya inchi 55 (kila nukta ya picha inawaka na kuzimika yenyewe) au Mini LED ya inchi 65 (taa ndogo nyingi zinaimulika skrini kwa nyuma), kwa sebule yenye dirisha kubwa na jua la mchana. Asanteni nyote, hata mliobishana wenyewe kwa wenyewe.

Nimechukua Mini LED. Aliyeeleza kwamba OLED ina weusi wa kweli ila mwanga mwingi wa sebuleni unaimeza, ndiye aliyenishawishi. Mchana naangalia bila kufunga pazia.

Ushauri uliolipa kuliko yote ni wa kusoma namba ya modeli mpaka herufi ya mwisho. Ile iliyokuwa na punguzo la kutisha ilitofautiana kidogo tu na modeli mliyoisifia, kumbe paneli yake ni ya Hz 60, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, si 120, na matundu ya HDMI (ya kuchomeka waya wa king'amuzi au gemu) ni mawili. Nikaiacha na punguzo lake.

Picha za sinema kuonekana laini kupita kiasi kama tamthilia za mchana: nimezima ulainishaji wa mwendo (TV kujiongezea picha za katikati) kwenye mipangilio, tatizo kwisha.

Sauti ndiyo imegoma. Nimejaribu modi ya mazungumzo mliyoitaja, inasaidia kwenye habari, lakini kwenye filamu muziki bado unameza maneno. Nitaongeza spika ya nje kupitia tundu la HDMI lenye alama ya ARC (linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye spika). Pia ukikaa pembeni rangi zinapauka, kwa hiyo kochi la katikati sasa linagombewa.