Ward dhidi ya Race Horse (1896): haki ya kuwinda ilifutwaje?

Mdadisi wa Mikataba:
Salaam, wanajukwaa. Ninasoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri hili na kuna jambo linanitatiza. Kwa mkataba wa Fort Bridger wa 1868, serikali iliwaahidi Wabannock (kabila la wenyeji asilia wa Marekani) haki ya kuwinda katika ardhi yake isiyokaliwa na watu, maadamu wanyama wangali wakipatikana humo na amani ingalipo mipakani kati yao na wazungu. Mwaka 1895, Race Horse, Mbannock wa Fort Hall huko Idaho, akashtakiwa kwa kuua wapiti saba (mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama farasi) katika kaunti ya Uinta, Wyoming, kinyume cha sheria ya jimbo (Ward alikuwa sherifu wa kaunti hiyo). Wanyama walikuwapo na vita haikuwapo. Ahadi ilikwisha vipi?

Wakili Mstaafu:
Ndugu yangu, jibu utalikuta katika sheria iliyoifanya Wyoming kuwa jimbo tarehe 10 Julai 1890. Sheria hiyo ililipa jimbo jipya usawa kamili na majimbo yaliyotangulia, wala haikutaja haki ya Wabannock. Jaji White, kwa niaba ya wengi, alishikilia kwamba mamlaka juu ya wanyamapori ni ya jimbo, na kwamba Wyoming isingekuwa sawa na wenzake kama ingebanwa na mkataba uliotangulia kuzaliwa kwake. Hivyo ukimya wa Bunge ukahesabiwa kuwa umeifuta haki. Jaji Riner wa mahakama ya chini alikuwa ameamuru mshtakiwa aachiliwe. Huku juu, ni Jaji Brown peke yake aliyepinga, na kwa maoni yangu ndiye aliyeusoma mkataba kama walivyouelewa wale wazee waliotia alama ya msalaba mahali pa sahihi.

Msomaji wa Historia:
Naomba kuongeza mazingira yake, maana hukumu inasomeka kana kwamba mambo yote yalitendeka maktabani. Walowezi wa Jackson Hole, bonde la Wyoming, walijipatia riziki kwa kuwaongoza matajiri waliokuja kutafuta vichwa vya wanyama vya kutundika ukutani, na Wabannock, waliowinda kwa ajili ya nyama na ngozi, walionekana kuwa wanaharibu biashara. Julai 1895 kikosi cha walowezi kiliwakamata Wabannock kambini pamoja na wake na watoto wao. Njiani mateka walipojaribu kukimbia walifyatuliwa risasi, na mzee mmoja akauawa. Jeshi likatumwa. Shauri la Race Horse lilifunguliwa baada ya ghasia hizo, kwa makubaliano ya pande mbili, ili mahakama iseme nani ana haki.

Mdadisi wa Mikataba:
Nashukuru sana. Je, hukumu hiyo ingali na nguvu?

Wakili Mstaafu:
La. Ilidhoofishwa mwaka 1999 katika shauri la Mille Lacs (kuhusu haki za kuwinda za kabila la Chippewa huko Minnesota), kisha Mei 2019, katika shauri la Herrera dhidi ya Wyoming, majaji watano kwa wanne waliikataa waziwazi: jimbo kuzaliwa hakufuti mkataba, mpaka Bunge liseme hivyo bila utata. Herrera, wa kabila la Crow, naye alikuwa ameshtakiwa kwa sababu ya wapiti, safari hii katika msitu wa taifa wa Bighorn. Hata hivyo hakuachiwa moja kwa moja, kwani shauri lilirudishwa Wyoming, ambako jimbo lingeweza bado kudai kwamba mahali hasa alipowinda palikuwa "pamekaliwa", au kwamba udhibiti wake ulihitajika ili kuhifadhi wanyama.