Daraja la kwanza likifutwa, agizo la 2015 linabaki na maana gani?

Mwenzetu mmoja amedai kwamba, kwa kuwa mashirika ya ndege yanafuta daraja la kwanza katika safari za kimataifa, mjadala wa iwapo watumishi wa umma wakatiwe tiketi za madaraja ya juu, ambayo Rais Magufuli aliyazuia kwa agizo la mwaka 2015, umejimaliza wenyewe. Naiheshimu hoja yake, lakini nadhani ametazama jina akakiacha kiti.

Ni kweli kwamba daraja hilo linapungua. American Airlines lilitangaza mwaka 2022 kuwa litaliondoa katika safari zake za kimataifa kwa sababu wateja hawalinunui. Hapa kwetu, KLM, Ethiopian na Turkish hutua Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, bila kuwa nalo, na Boeing 787-8 za Air Tanzania zina viti 22 vya daraja la biashara na 240 vya daraja la kawaida.

Tujiulize, hata hivyo, ni nini kilicholiua. Kitanda kinachonyooka kabisa, ambacho awali kilikuwa fahari ya daraja la kwanza, British Airways lilikishusha hadi daraja la biashara mwaka 2000, na mwaka 2017 Qatar Airways likaongeza na mlango wa kujifungia, hata mteja akakosa sababu ya kulipa zaidi. Anasa haikuondoka ndani ya ndege. Imehamia safu chache nyuma na kubadili jina. Msafiri wa daraja la kawaida hakuongezewa hata inchi moja (mimi ni mrefu, magoti yangu ni shahidi).

Ndiyo maana naliona agizo la Rais Magufuli la mwaka 2015 kuwa lilitungwa vyema: lilizuia daraja la kwanza na la biashara kwa pamoja, isipokuwa kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Lingetaja la kwanza peke yake, leo lisingezuia mengi.

Wanaolipinga wana hoja moja nzito, kwamba mtaalamu anayetoka Dar es Salaam usiku na kuingia moja kwa moja katika majadiliano ya mkataba Washington anahitaji kulala, kwani kosa lake moja mezani laweza kuligharimu taifa kuliko tofauti ya nauli. Hilo nalikubali, mradi kigezo kiwe urefu wa safari na kazi inayomsubiri, si cheo chake. Wa Nairobi hahitaji kitanda.

Waliowahi kuandaa bajeti za safari katika taasisi za umma watusaidie: mpaka huo uwekwe kwa saa za safari, au kwa kiwango cha nauli?