Fundi wa gesi (mnamjua) kaniambia nikakaange korosho!!

mbangua_korosho: Jamani natetemeka hapa. Yule fundi, sitaji jina, Mtwara nzima nani asiyemjua, kaniuzia vepolaiza, ile mashine ya kupasha gesi, kwa hela ya kununua nusu ya Mikindani, kaifunga kaondoka, leo tanuri la kukaushia korosho moto unafifia tu, mitungi ya kilo 38 imeota barafu nje na joto lote hili, ukiitikisa gesi imo, namwita anakuja anachungulia kidogo mbele ya wafanyakazi wangu anasema "we mama nenda kakaange korosho, gesi tuachie wanaume". MBELE YA WAFANYAKAZI. Kiwanda changu, hela yangu, kakaange korosho! Hata salamu hajatoa, kakaange korosho!

kusini_damu: Huyo huyo kafunga jiko la hoteli ya shemeji Lindi, chapati inaiva kesho kutwa

bomba_la_shaba: Mama hiyo mitungi inatoa gesi juu au chini? Gesi mle ndani ni kimiminika kama maji, inachemka kwa joto inalovuta kwenye chuma cha mtungi, ukiivuta nyingi kwa mpigo mtungi unapoa hadi barafu na presha inashuka. Vepolaiza kazi yake ipokee yale maji ya chini iyapashe yawe mvuke. Mtungi wa kawaida unatoa mvuke tu, sasa mashine inapasha nini?

mbangua_korosho: JUU! Mitungi ile ile ya mama lishe! Yaani inapasha kitu ambacho tayari ni mvuke, halafu mdomo wa kuniambia nikakaange anao!!

dogo_shangani: Ila korosho umekaanga? 😂😂

mbangua_korosho: Mtoto toka hapa

ligula_kwetu: Gesi inatoka Mnazi Bay hapa hapa Mtwara, inasafishwa Madimba, bomba linaipeleka Dar tangu 2015, sisi tunabeba mitungi kwa bodaboda. Hilo hamlioni

bomba_la_shaba: Mkuu hiyo ni gesi asilia, ya mitungi ni propani na butani, inakuja na meli

ligula_kwetu: Meli ije, ikifika huku bei ishapaa

kusini_damu: Gesi afadhali, umeme je? Samaki wangu wameoza friza zima

mkulima_newala: Nyie mna friza. Mimi korosho nimepeleka ghalani, hela ya mnada mpaka leo chama cha ushirika kinasema "inashughulikiwa"

dogo_shangani: Chama gani hicho, cha kwetu nao wanasema hivyo hivyo