Naomba ushauri: kondensa ipi kwa adungu na endingidi nyumbani?

Ndugu zangu, salaam. Natafuta maikrofoni ya kondensa (aina inayohitaji umeme ili kufanya kazi) ya kurekodia adungu (kinubi cha Uganda) na endingidi (fidla ya uzi mmoja) chumbani, hapa Ntinda, Kampala. Chumba ni mita 3 kwa 4, paa la mabati. Nimetundika mablanketi mazito nyuma ya mpigaji, na kifaa changu cha kurekodia kinatoa umeme wa volti 48 wa kuiendesha.

Shida ni kwamba adungu ya nyuzi za nailoni ina sauti ndogo. Nikipandisha sauti ya kuingilia, mvumo wa maikrofoni yenyewe unapanda nayo. Ndiyo maana naiogopa maikrofoni ya AT2020: bei yake ni nafuu, lakini kelele yake ya ndani ni desibeli 20. Rode NT1-A ina desibeli 5 tu, tofauti kubwa mno kwa ala ya upole. Ila ina ukali sautini juu, na upinde wa endingidi tayari unakwaruza. Rode NT5 ina kiwambo (utando unaopokea sauti) kidogo, hunasa mwanzo wa kila mdonoo vizuri, lakini kelele yake ni desibeli 16.

Maikrofoni naiweka sentimita 30 kutoka kwenye ngozi ya adungu, pembeni ya tundu lake la sauti, maana mbele ya tundu besi huvimba. Kusogea hadi 15 huongeza takriban desibeli 6, ila vidole husikika kupita kiasi.

Mnaorekodi ala hizi: NT1-A moja, au NT5 mbili? Na je, NT1-A ikigeuzwa kidogo kando, ule ukali kwenye endingidi unapungua vya kutosha?