Naomba ushauri: Sensa ya rada inazidisha magari leni ya tatu, lakini jumla iko sawa

Mkesha_Njiani:
Wakuu, habari za majukumu. Nimefunga sensa ya rada (kifaa cha kuhesabu magari kwa mawimbi ya redio) pembeni mwa barabara, ile ya masafa ya 24 GHz inayorusha mawimbi kukatiza barabara, leni nne. Leni ya kwanza haina shida. Ya pili na ya nne zinaleta pungufu, ya tatu inaleta magari mengi kuliko yanayoonekana kwa macho. Ajabu yake, jumla ya leni zote inakubaliana na hesabu ya mkono, tofauti haifiki asilimia 2. Halafu usiku sensa inajizima na kuwaka yenyewe. Umeme ni betri ya volti 12 na sola, kebo ya mita 60 kutoka kwenye kabati.

Makabidhiano yamekaribia na roho haijatulia. Nimeshafikiria kushusha usikivu wa leni ya tatu, kisha kwenye ripoti nikate asilimia 18. Swali langu ni moja tu: usikivu nishushe kwa kiasi gani?

Binti_Volti:
Mkuu, anza na umeme, mengine baadaye. Nyaya za hiyo kebo zina unene gani, na sensa inakula wati ngapi?

Mkesha_Njiani:
Milimita mraba 0.5. Sensa ni wati 6, kiwango chake cha chini ni volti 9. Ila dada, tatizo langu kubwa ni leni ya tatu.

Binti_Volti:
Leni ya tatu haiwezi kuhesabiwa na sensa iliyozima. Sikiliza. Mita 60 kwenda na 60 kurudi ni mita 120 za shaba. Kwa unene wa 0.5 unapata ukinzani wa omu 4.1. Sensa hizi hushikilia wati zilezile: volti ikishuka, zenyewe huvuta ampea zaidi, na ampea zikizidi volti inashuka tena. Ukipiga hesabu kamili, betri ikiwa na volti 12, kwenye sensa inafika kama 9.3. Usiku betri ikishuka hadi 11.6, inafika 8.8. Hapo inajizima, mzigo ukitoka betri inapumua, inawaka, inazima tena.

Vuta kebo ya 2.5. Kwa betri ileile ya 11.6 utapata zaidi ya volti 11 kwenye sensa. Au panda hadi mfumo wa volti 24 kama sensa inaruhusu. Pima kwenye plagi ya sensa ikiwa inafanya kazi. Ukipima kabatini, au kebo ikiwa haina mzigo, kipimo kitakuambia kila kitu kiko sawa.

Jozi_Iliyosokotwa:
Hapo kwenye kebo niongeze. Kwa data, mita 60 usitumie mfumo wa mawasiliano wa RS-232, huo ni wa mita 15 hivi. Tumia RS-485, jozi ya nyaya zilizosokotwa, rezista ya omu 120 kwenye kila ncha ya laini. Kasi ya biti 9600 kwa sekunde inatosha kabisa kwa data ya magari. Ngao ya kebo iunge kwenye ethi upande wa kabati peke yake, na kinga ya radi iwe kabla ya kifaa chochote kingine. Nyaya za data, A na B, zikipishana hutapata neno hata moja, na watu hukimbilia kulaumu programu. Na kebo ikifika kwenye plagi ishushe kwanza chini ya plagi ndipo ipande, maji ya mvua yadondoke pale chini yasiingie ndani.

Mkesha_Njiani:
Mawasiliano hayana shida mkuu. Leni ya tatu jamani.

Kipimo_Sahihi:
Sensa iko urefu gani kutoka usawa wa lami, na umbali gani hadi ukingo wa leni ya kwanza?

Mkesha_Njiani:
Urefu wa kawaida, imefungwa imara. Nilitumia pimamaji, imekaa sawa na inaangalia barabara kwa nyuzi 90.

Kipimo_Sahihi:
"Kawaida" siyo kipimo. Mita ngapi?

Mkesha_Njiani:
Mita 3.2. Umbali hadi leni ya kwanza mita 5.5, kila leni ina mita 3.5. Najua mtasema iko chini, lakini kwa urefu huo inahudumiwa kwa ngazi fupi bila kufunga leni. Usalama wa mafundi kwanza.

Kipimo_Sahihi:
Usalama wa mafundi sina ubishi nao. Lakini lori la mita 4 ni refu kuliko sensa yako. Hakuna mwale hata mmoja unaopita juu yake. Kila lori likiwa leni ya kwanza, leni za pili, tatu na nne zimefungwa pazia. Upungufu wa leni ya pili na ya nne umetoka hapo, na usikivu hautibu kivuli.

Hesabu ya kivuli ni rahisi. Ubavu wa mbali wa lori uko kama mita 8.5 kutoka kwenye sensa. Gari dogo lina urefu wa mita 1.5. Sensa ikiwa mita 6, gari dogo lote lililo ndani ya mita 19 limefichwa, maana yake bado karibu barabara nzima. Ikiwa mita 8, kivuli kinaishia 13.8: leni ya pili bado inaumia, ya tatu inaanza kuonekana, ya nne iko wazi.

Kupanda nako kuna gharama yake. Rada hii inapima umbali wa mshazari. Ukiwa mita 8, leni ya kwanza na ya pili zinatenganishwa na mita 2.7 tu kwenye macho ya rada badala ya 3.5. Kwa upana wa masafa wa 250 MHz, rada inatofautisha vitu vilivyoachana sentimita 60, kwa hiyo bado unapumua. Ila hakikisha kwanza jedwali la mtengenezaji linaruhusu urefu huo kwa mita zako 5.5.

Adili_Barabarani:
Mimi naomba niseme kuhusu hiyo asilimia 18. Ndugu, takwimu hizi ndizo zinazopanga taa ziwake sekunde ngapi na lami iwe nene kiasi gani. Namba ya kukadiria ikishaingia kwenye ripoti, hakuna anayekuja kuitoa. Afadhali kuchelewa kukabidhi kuliko kukabidhi namba ya kubuni.

Mkesha_Njiani:
Sijabuni, nimelinganisha na hesabu ya mkono ya saa mbili mchana. Ni marekebisho.

Adili_Barabarani:
Mchana. Usiku malori yakiwa mengi zaidi utatumia asilimia ngapi?

Chaneli_Tofauti:
Je, kuna sensa nyingine ng'ambo inayotazamana na yako? Zikiwa kwenye chaneli moja ya masafa zinaingiliana. Ipe kila moja chaneli yake, au zisogeze zisitazamane.

Mkesha_Njiani:
Hakuna. Iko peke yake.

Shaka_Halali:
Wakuu, naona mnajibu chai. Someni upya. Sensa mita 3.2, malori yanafunika leni tatu, na bado jumla inakubaliana ndani ya asilimia 2? Haiwezekani. Kwa kivuli hicho jumla lazima iwe chini sana. Ama urefu ni wa uongo, ama hesabu ya mkono haikufanyika. Mleta mada aweke picha ya nguzo, la sivyo tunapoteza muda.

Jozi_Iliyosokotwa:
Hata mimi hapo pamenikwama. Kivuli kinapunguza, hakijawahi kuongeza.

Mkesha_Njiani:
Namba ni za kweli zote. Picha siwezi kuweka kwa sababu ya mkataba. Na nguzo haipo, sikusema popote kwamba kuna nguzo. Sensa iko kwenye kishikio cha nusu mita, kimefungwa ukutani mwa kibanda cha mitambo. Ukuta una mita 4, umefunikwa bati bapa la chuma, umekaa sambamba na barabara. Ukuta ni imara kuliko nguzo yoyote, hautikisiki kwa upepo. Nililipima hilo kabla sijafunga.

Shaka_Halali:
Yaani ukuta wa chuma unatoka sasa hivi, baada ya kurasa zote hizi? Ndiyo maana nasema chai.

Kipimo_Sahihi:
Hapana mkuu, huo ukuta ndio unaofanya hadithi yake iwe ya kweli. Mtu wa kubuni asingeweza kupanga namba zikae hivi.

Wimbi linatoka kwenye sensa, linapiga ubavu wa lori leni ya kwanza, linarudi. Sehemu inaipita sensa, inagonga bati, inarudi kwa lori, ndipo inaingia kwenye sensa. Rada haijui kwamba wimbi limezunguka. Inaona kitu cha pili mbali zaidi. Kama lori liko mita 6.5 kutoka ukutani, gari hewa linaonekana mita 13 kutoka ukutani. Mara mbili, kila wakati. Lori la kweli la leni ya tatu ubavu wake uko mita 13.5 kutoka ukuta huohuo. Tofauti ni nusu mita, ndogo kuliko ambayo rada inaweza kutenganisha. Kwa hiyo kila lori la leni ya kwanza linazaa gari hewa leni ya tatu.

Jumla inakubaliana kwa sababu makosa mawili yanafutana: lori lilelile linaficha magari ya kweli na kuzaa la hewa. Mchanganyiko wa magari ukibadilika, mizani hiyo inavunjika. Ndiyo maana jumla peke yake si kipimo cha kukubalia sensa.

Shaka_Halali:
Hoja nzito, lakini ithibitishwe. Mleta mada, fungua kumbukumbu ya gari mojamoja, siyo ile ya jumla za kila dakika 5. Tafuta mistari ya leni ya tatu inayolingana na leni ya kwanza: muda ndani ya sehemu mbili za kumi za sekunde, kasi ileile, urefu wa gari uleule. Magari mawili ya kweli hayawezi kwenda pamoja hivyo kila mara.

Mkesha_Njiani:
Nimefungua. Katika mistari 50 ya leni ya tatu, 14 ina pacha leni ya kwanza. Yote 14 ni magari ya zaidi ya mita 9. Basi nikirefusha kishikio kitoke mita moja ukutani, si itaondoka? Ukuta sitaki kuuacha.

Kipimo_Sahihi:
Haitaondoka. Sensa ikisogea mbele, leni ya kweli na gari hewa vyote vinasogea karibu kwa kiasi kilekile. Gari hewa linafuata ukuta, halifuati kishikio. Na kushusha usikivu kutaua pikipiki na magari madogo ya leni ya tatu kabla ya kugusa mwangwi wa lori.

Toka ukutani. Simamisha nguzo ya mita 8 kupita mwisho wa kibanda, mbali vya kutosha ili mwale usiwe na bati wala uzio wa chuma nyuma yake. Mwale wa sensa hizi ni mwembamba kwa upana na mrefu kwa wima, kwa hiyo mita chache pembeni zina faida kubwa.

Binti_Volti:
Na ukihamisha, kebo inarefuka. Piga hesabu upya kabla ya kununua.

Mkesha_Njiani:
Nguzo itamaanisha kuomba muda zaidi. Na leni nilizokwisha kuchora kwenye programu, nizihamishe tu?

Shaka_Halali:
Zifute. Urefu mpya, umbali mpya, leni zote zinabadilika. Ingiza urefu na umbali uliopima kwa futi kamba, acha sensa itafute leni yenyewe magari yakipita kwa kasi ya kawaida, siyo wakati wa foleni, kisha rekebisha mipaka kwa mkono. Linganisha saa ya sensa na ya kamera, rekodi video, uhakiki angalau magari 100 kwa kila leni, gari kwa gari. Andika safu mbili tofauti: yaliyokosekana na ya hewa. Usizijumlishe.

Mkesha_Njiani:
Sawa wakuu. Naandika barua ya kuomba muda. Kebo ya 2.5 naiagiza pamoja na nguzo.