Upungufu wa damu usiosikia vidonge: je, yaweza kuwa ngano?

Binti Kisauni: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina miaka 38. Damu yangu iko chini kwa muda mrefu, na vidonge vya madini ya chuma ninavyoandikiwa havifui dafu. Siharishi, kinyume chake nafunga choo, tumbo hujaa gesi, na uchovu haunibanduki hata nikilala vya kutosha. Hedhi yangu ni ya kawaida, na choo kimepimwa minyoo na jiadia (kijidudu cha tumboni), havikuonekana. Daktari, aliposikia kwamba dada yangu wa toka nitoke ana kisukari cha sindano tangu utotoni, alitaja ugonjwa wa seliaki. Je, niache mahamri na chapati kwanza nione kama nitapata nafuu?

Muuguzi Mstaafu: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiache chochote kabla ya kupimwa. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ikichochewa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, hushambulia utumbo mwembamba, na kwa kuwa madini ya chuma hufyonzwa pale mwanzoni mwa utumbo huo, upungufu wa damu huweza kuwa dalili pekee kwa mtu mzima. Huanzwa na kipimo cha damu cha kingamwili ziitwazo tTG-IgA, nacho kiambatane na kile cha jumla ya IgA, yaani kingamwili zote za aina hiyo, kwani mtu aliyepungukiwa na IgA huambiwa hana kitu kumbe anacho. Damu ikionyesha jambo, daktari wa tumbo hupitisha kamera mdomoni na kuchukua vipande vidogo vya utumbo. Ukiacha ngano mapema, kingamwili hushuka na utumbo huanza kupona, majibu yakakudanganya.

Mja wa Mvita: Kwa heshima, huo si ugonjwa wa Wazungu? Gesi hiyo huenda ni mbaazi tu.

Muuguzi Mstaafu: Wasahrawi wa Sahara Magharibi ni miongoni mwa wanaougua zaidi duniani, na kaskazini mwa India unajulikana sana. Gesi yaweza kuwa ya mbaazi, nakubali. Damu isiyopanda kwa dawa si ya mbaazi.

Mpishi wa Likoni: Mimi ninao. Nilianza kwa malengelenge ya kuwasha viwikoni na magotini, yakatibiwa kama ukurutu. Ukithibitika, wali, ugali wa mahindi, muhogo na vitumbua vya mchele havina neno. Viazi karai uulize, kwani wengi hutia unga wa ngano katika rojo lake, na mafuta huwa yamekwisha kukaangiwa sambusa.

Binti Kisauni: Ahsanteni. Nitaomba vipimo vyote viwili, na chapati naendelea nazo. Dada yangu naye apimwe?

Muuguzi Mstaafu: Apimwe hata kama hana dalili, kwani kisukari cha aina hiyo na seliaki hufuatana mara nyingi. Nawe ukithibitika, wazazi, ndugu na watoto wako wapimwe pia.